Barua ya wazi kwa wasimamizi wa barabara za Nairobi: Mpwa wangu aje na baiskeli au aiuze?

Kwa wote mliokabidhiwa barabara za jiji la Nairobi,
wa kaunti na wa serikali kuu.

Waheshimiwa,

KUH: NJIA ZA BAISKELI ZINAZOISHIA NJIANI

Pokeeni salamu zangu. Mimi ni mkazi wa Umoja, na kwa miaka kumi na minne nimekuwa nikienda kazini Industrial Area kwa baiskeli, kilomita kama kumi kwenda na kumi kurudi. Hii si barua yangu ya kwanza. Ya kwanza niliipeleka kwa mkono, ikagongwa muhuri wa kupokelewa, na nakala yake ninayo. Ya pili niliituma kwa barua pepe. Ya tatu niliipeleka tena mwenyewe, na karani, binti mwenye heshima zake, akanieleza kwa upole: "Mzee, hiyo barabara si yetu, jaribu ile ofisi nyingine." Ile ofisi nyingine ikanirudisha kwake. Sasa naandika hadharani, kila mmoja wenu asome kwa wakati mmoja na pasiwe na wa kumtuma mwenzake.

Kilichonisukuma hasa ni swali la mpwa wangu. Anaishi Kisumu, amepata kazi Westlands, na anatafuta chumba Kangemi. Alinitumia ujumbe: "Mjomba, nije na baiskeli yangu au niiuze huku?" Nilikaa na swali hilo siku nne.

Nilianza kumjibu kwa mazuri, maana yapo. Nairobi haina joto la Kisumu. Asubuhi ya Julai utavaa jaketi, na utafika kazini bila jasho la kukuaibisha. Jiji liko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari na kwao ni kama 1,130, kwa hiyo wiki mbili za kwanza atahema, kisha mapafu yatazoea. Kila mtaa una fundi wa baiskeli chini ya mti, na beseni lake la maji la kutafutia pancha. Foleni inayoifunga matatu saa nzima pale Makadara mimi naipita nikipiga mluzi. Nauli yangu ingekuwa shilingi 80 asubuhi na 80 jioni, na siku ya mvua kondakta hujipangia bei anavyotaka. Kwa siku 26 za kazi hizo ni shilingi 4,160 kila mwezi, na kwangu zimekuwa chakula cha mchana cha mtoto shuleni. Nikamkumbusha hata kwamba Chris Froome, aliyeshinda Tour de France mara nne, alizaliwa papa hapa Nairobi mwaka 1985, akaonyeshwa kazi na mwendesha baiskeli mwenzetu David Kinjah wa kule Kikuyu. Ingawa nadhani hata Froome angeshuka aisukume baiskeli yake akifika raundabauti ya City Stadium saa kumi na mbili jioni.

Nilipofika hapo nikashindwa kuendelea. Yale niliyoshindwa kumwandikia yeye ndiyo nawaandikia ninyi.

1. Njia hukatika pale pale zinapohitajika.

Sisemi kwamba hakuna njia. Ngong Road ilipopanuliwa kwa msaada wa Japani iliwekewa njia ya miguu na ya baiskeli. Outer Ring Road nayo ilipanuliwa ikawekewa. UN Avenue kule Gigiri inapendeza. Kati ya mwaka 2020 na 2022 barabara kadhaa za katikati ya mji, Kenyatta Avenue ikiwemo, zilikumbuka watembeao na wenye baiskeli. Nimeziendesha zote, na waliozijenga nawapa heko yao.

Sasa nawaomba mzifuate mkiwa mmekaa kwenye tandiko, si nyuma ya kioo cha gari. Mtaona kwamba njia huenda vizuri mahali barabara imenyooka, ambapo hata bila njia mtu angepita salama. Ikikaribia makutano, ukingo wa zege unainuka kama goti, au njia inageuka kuwa mtaro, au inamwagika katikati ya steji ya matatu. Mahali ambapo mwenye baiskeli anahitaji kipande chake kuliko popote pengine, ndipo anapoachiwa Mungu.

Nawapa jioni yangu moja, ambayo ni sawa na nyingine zote. Natoka Lusaka Road natafuta Jogoo Road, maana yake ni lazima niizunguke City Stadium karibu robo tatu. Kushoto kwangu matatu inashusha abiria kabla haijasimama. Kulia kuna lori la saruji ambalo dereva wake yuko juu sana hata hanioni. Mbele, hamali na mkokoteni wa magunia ya vitunguu, na naye hana pa kupita kama mimi. Bodaboda wawili wanakuja kinyume. Hakuna mstari wangu, hakuna taa yangu. Ninachofanya ni kunyoosha mkono, kumtazama dereva usoni na kungoja apepese macho. Akipepesa, napita. Asipopepesa, nabaki. Miaka kumi na minne, hiyo ndiyo taa yangu ya trafiki: kope za mtu nisiyemjua.

Naye mpwa wangu atakuwa akishuka na Waiyaki Way kutoka Kangemi. Akikaribia Westlands ataikuta ile Expressway ya kilomita 27, iliyofunguliwa mwaka 2022, ambayo baiskeli hairuhusiwi kuikanyaga. Sina kinyongo nayo, barabara ya magari ni ya magari. Lakini kama magari yamejengewa ghorofa, ilikuwaje huku chini nako tukakosa njia isiyokatika?

2. Tuna tawi badala ya mfuniko.

Aprili mwaka jana, mvua ya masika ikinyesha manyunyu, nilikuwa narudi nyumbani. Nilikuwa juu ya njia ya baiskeli, nasisitiza: juu ya njia yetu halali, si barabarani. Ilikuwa saa kumi na mbili na dakika hamsini, karibu na Donholm. Maji yalikuwa yametanda juu ya njia kama kioo cheusi. Gurudumu la mbele likatumbukia, mimi nikapita juu ya usukani. Mfuniko wa mtaro ulikuwa umeng'olewa, shimo limejaa maji hadi juu, huwezi kulijua.

Kijana anayeuza mayai ya kuchemsha ndiye aliyenivuta kando. Alinisafisha kidevu kwa maji ya kunawia wateja wake, akakataa kuchukua hata bei ya yai. Mfupa wa bega ulikuwa umevunjika, nikakaa wiki saba bila kazi. Fundi alipoiona baiskeli aliiangalia rimu ya mbele, akanyamaza kidogo, akasema: "Mzee, hii sasa ni chapati."

Niliporudi pale baada ya wiki hizo saba, shimo lilikuwa bado wazi, na mtu alikuwa amechomeka tawi bichi ndani yake. Mnajua sote tunavyosoma alama hiyo: tawi barabarani ni hatari mbele. Tawi hilo likakauka, likaanguka. Mtu mwingine akaweka jingine. Barua zangu tatu zilihusu shimo hilo kabla ya jambo lolote lingine. Mpaka leo naandika, tuko kwenye tawi la nne.

Najua mifuniko huibwa ikauzwe kama vyuma chakavu. Januari 2022 serikali ilisimamisha biashara hiyo nchi nzima baada ya minara ya umeme kuhujumiwa, halafu baada ya miezi michache ikairuhusu tena. Basi kwa nini tunaendelea kuweka chuma mahali tunapojua kitaibwa? Mfuniko wa zege ni mzito, na hakuna anayeununua.

3. Njia haina mwenyewe.

Kwenye njia ninayopita kuna mama anayechoma mahindi. Akisikia kengele yangu huvuta jiko lake kwa mguu, anasema, "Pita baba," nami napita. Tumezoeana. Alikuja hapo kwa sababu watu wanapita hapo, na aliyechora barabara hakumtengea hata mita moja, ingawa kila mtu aliyekulia Nairobi anajua kwamba palipo na steji pana mahindi. Kanjo, yaani askari wa kaunti, wakija humwaga makaa yake. Kesho yake amerudi, kwa sababu njaa nayo imerudi.

Hatua hamsini mbele kuna magari yaliyoegeshwa juu ya njia hiyo hiyo kutoka Ijumaa jioni, wenyewe wako ndani wanakula nyama. Kwa miaka yote hiyo sijaona hata moja likivutwa. Sisemi kanjo wanaogopa Prado. Nasema tu kwamba jiko la mahindi ni jepesi kubeba.

Bodaboda nao hukimbilia njia yetu foleni ikikaza. Hao nimegombana nao vya kutosha, na wengine ni majirani zangu, kwa hiyo nitawaacha. Nguzo tatu fupi za zege kwenye kila mlango wa njia zingemaliza ugomvi huo vizuri kuliko mdomo wangu.

4. Giza.

Jua huzama saa kumi na mbili na nusu hivi, mwaka mzima. Viwanda hutoa watu saa kumi na mbili. Kila mtu wa Eastlands, mitaa yetu ya mashariki ya jiji, anayerudi kwa baiskeli anarudi gizani, na taa za barabarani zilizopo zimeinamia magari. Kama zile taa zingekuwa zinatuangalia sisi hata kidogo, ningeuona ule mng'ao wa maji shimoni.

5. Hakuna pa kuiacha.

Nilikwenda mjini kushughulikia kadi ya bima. Jengo lina ghorofa tatu za maegesho chini ya ardhi. Askari wa lango akaniambia baiskeli haziruhusiwi. Nikamuuliza, pikipiki je? Pikipiki zinaruhusiwa. Nikaifunga kwenye uzio wa jengo la pili na kupanda lifti nikiwa na wasiwasi kama mtu aliyeacha mtoto sokoni. Ninyi ndio mnaoidhinisha ramani za majengo, na mnadai idadi ya nafasi za magari. Vyuma vitano vya kufungia baiskeli vinaingia kwenye nafasi ya gari moja na kubaki.

6. Ahadi ya mwaka 2015.

Mwaka huo Kaunti ya Nairobi ilipitisha sera ya usafiri usiotumia injini. Humo iliahidi kutenga asilimia 20 ya bajeti ya barabara kwa ajili ya watembeao kwa miguu na waendeshao baiskeli. Hatukuiandika sisi ahadi hiyo, mliiandika wenyewe, na ikasifiwa mbali. Jiji letu ndilo makao makuu ya shirika la Umoja wa Mataifa la mazingira, wageni wanatua hapa kutoka pembe zote za dunia kujadili hewa safi. Nataka kujua tu asilimia 20 ilikwenda wapi, mwaka kwa mwaka.

Waheshimiwa, najua mtakayosema, kwa sababu mengine nimeshaambiwa kaunta.

Mtasema wenye baiskeli ni wachache. Kibanda cha baiskeli kiwandani kwetu kina nafasi kumi na mbili, na ukichelewa asubuhi unafunga yako kwenye nguzo ya tangi la maji. Wenzangu wengi zaidi wanakuja kwa miguu kutoka Mukuru na kwingineko, kwa sababu safari kama nne kati ya kumi jijini hufanywa kwa miguu, na wengi wao waliwahi kuwa na baiskeli. Waulizeni kwa nini waliziuza. Binti yangu mwenyewe ana baiskeli nzuri kuliko yangu, lakini huiendesha Karura tu, Jumapili. Anavuka mji kwenda msituni na kulipa kiingilio langoni ili apate kunyonga pedali bila kupigiwa honi. Huyo hamtamwona mkisimama Jogoo Road kuhesabu baiskeli, lakini yupo.

Mtasema pesa hazitoshi. Sijaomba barabara mpya. Naomba vipande vilivyojengwa tayari viunganishwe, mifuniko irudi, nguzo ziwekwe. Kumbukeni pia gharama inayolipwa upande wa pili. Katika miaka ya karibuni zaidi ya watu 4,000 wamekuwa wakifa barabarani nchini kila mwaka, na wanaotembea kwa miguu ndio wengi kuliko kundi lolote. Bega langu ni dogo katika hesabu hiyo, lakini nalo lilitibiwa kwa pesa.

Mtasema barabara fulani ni ya mamlaka fulani. Hilo ni kweli: sheria ya mwaka 2007 iliunda mamlaka tatu za barabara, na Katiba ikaipa kaunti barabara zake, taa na maegesho. Sikatai mgawanyo huo. Lakini tairi langu halijui linapovuka mpaka kati ya ofisi na ofisi, na shimo lile lilinimeza bila kuniuliza ni la nani.

Mtasema sisi wenyewe hatufuati sheria, na hapo mna haki. Wapo wenzetu wanaoendesha usiku bila taa wala kitambaa cha kung'aa, na wapo wanaokwenda kinyume cha magari. Nimewakaripia, nitaendelea. Lakini mkamateni mtu kwa kutoka nje ya njia siku mtakapokuwa mmempa njia ya kutokea.

Ninachoomba ni hiki. Shimo la Donholm lizibwe kwa mfuniko wa zege, na mifuniko mingine iliyopotea kwenye njia za miguu na baiskeli ihesabiwe na kurudishwa kabla ya mvua ijayo. Mtangaze jina la ofisa mmoja, na nambari yake ya simu ya kazini, atakayejibu habari za njia hizi zote bila kujali ni za mamlaka gani. Nyuma ya pazia mgawane kazi mnavyotaka. Mchague makutano matano, mkianza na City Stadium, muweke njia inayovuka kutoka upande mmoja hadi mwingine bila kukatika, hata kama kwa kuanzia ni rangi na nguzo tu. Mama wa mahindi na wenzake watengewe sehemu kando ya njia kabla ya mtu yeyote kumwaga makaa yao tena. Na mchapishe matumizi ya ile asilimia 20 tangu mwaka 2015. Kuhusu hili la mwisho siombi hisani: Ibara ya 35 ya Katiba inanipa haki ya kupata habari, na sheria ya mwaka 2016 inawapa siku 21 za kunijibu. Nimeanza kuzihesabu leo.

Yule mpwa wangu wa Kisumu nimemjibu hatimaye. Nimemwambia asiiuze, lakini aiache kwa mama yake, aje kwa basi, nami nitamwambia lini arudi kuichukua. Amekubali kwa shingo upande. Anauliza ni lini.

Nikutane naye anayehusika siku yoyote ya juma, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, hapo Donholm. Nitakuja na baiskeli ya pili. Breki zake ni nzima, nimezikagua mwenyewe.

Wenu mwaminifu,
Mwendesha baiskeli wa Umoja
(Jina langu kamili na nambari ya simu viko kwenye nakala mliyoigonga muhuri.)

N.B. Wakati nasahihisha barua hii nimepita tena pale shimoni. Tawi la nne limeng'olewa na gari. Sasa kuna la tano, la jakaranda, bado lina maua.